Waini ya Dodoma na barua ya utambulisho

Kama mumeo anafanya kazi wizarani utanielewa bila maelezo mengi. Tangu Magufuli atangaze mwaka 2016 kwamba serikali yote inahamia Dodoma, nyumba kibao za Dar zina mzazi mmoja kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, na ya kwangu imo. Zamani yeye ndo alikuwa anakuja na basi, anafika usiku miguu imevimba, Jumapili asubuhi anaondoka hata hatujapata muda wa kugombana vizuri. Treni ya umeme ilipoanza 2024 nikasema basi, zamu yangu, watoto watabaki na mdogo wangu na mimi nitakuwa naenda huko huko nikaone kuna nini.

Treni yenyewe sina ugomvi nayo, elfu 31 behewa la kawaida, masaa matatu na ushee uko Dodoma, ukipitiwa na usingizi Morogoro unaamka kwenye mibuyu. Ugomvi wangu ni pale unaposhuka. Stesheni iko nje ya mji, bajaji wanakuona na kibegi chako cha wikendi wanakutajia elfu 15 bila kupepesa macho, yaani nimetoka Bahari ya Hindi mpaka Ugogoni kwa elfu 31 halafu kutoka stesheni kwenda kwa mume wangu Ihumwa nilipe nusu yake, siku moja nilimuuliza kijana hivi bajaji yako inatumia umeme wa Bwawa la Nyerere au, akacheka ila bei hakushusha.

Mambo ya waini aliyaleta baba watoto. Aliona kwenye simu video za wapenzi huko Afrika Kusini wanatembea katikati ya mizabibu wameshika glasi, wanakaa kwenye meza nyeupe wanaletewa vijiglasi vitano vitano waonje, wananusa, wanazungusha, wanatema (wanatema! waini ya hela!). Akaniambia mama, sisi tumezungukwa na zabibu kila upande na kila wikendi tunakula kuku wa Chako ni Chako na soda, tuna akili kweli? Nikakubali. Kuku wale siwasemi vibaya lakini, na ningependa ijulikane.

Tukaanza na mjini, hoteli moja nzuri nzuri hivi, siitaji. Menyu ya waini ilikuwa na kurasa mbili, zote za Afrika Kusini na Ufaransa, glasi moja elfu 18. Nikamuuliza mhudumu, mdogo wangu, ya hapa hamna? Akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema ipo dada ila ni ya sweet, wageni huwa hawaipendi. Nikasema sisi sio wageni, lete. Ikaja chupa imetoka kwenye friji la soda, ina ubaridi wa kuuma meno, na kizibuo hamna, yule binti akazamisha kizibo ndani ya chupa kwa mpini wa kijiko huku mwenzake ameshikilia kitako. Tukanywa waini yenye vipande vipande vya kizibo. Elfu 40 chupa nzima, na dukani mbele ya hoteli hiyo hiyo tuliikuta chini ya 20. Tulihesabu hela mpaka tunafika nyumbani.

Wikendi zilizofuata sina hata cha kusimulia. Tulienda mnada wa Msalato Jumamosi moja, nyama ya mbuzi pale ukila utasahau kama una shida duniani, vumbi, moshi, mtu anakukatia juu ya gogo kwa panga anakuwekea chumvi na pilipili kwenye karatasi. Waini hamna, bia moto moto. Nyingine mvua ilinyesha, tukalala.

Sasa nije kwenye barua.

Kuna kiwanda tuliambiwa wanauza waini pale pale getini na mtu anaweza kuonja. Sisemi kiko barabara ipi. Tukavaa vizuri, mimi nikavaa hadi ile kofia pana, baba watoto akaosha IST yake, tukafika kama saa nne asubuhi. Mlinzi akatoka na daftari. Mnamuona nani? Hatumuoni mtu kaka, tumekuja kuonja waini. Akaandika kwenye daftari, nikachungulia, ameandika “kuonja”. Akauliza mna barua?

Barua ya nini?

Barua ya utambulisho.

Kutoka wapi sasa? Akasema kutoka mnakotoka, watu wote wanaokuja kutembelea kiwanda wanakuja na barua, wanafunzi wa UDOM, chuo kikuu cha hapa, wana barua, wa wizarani wana barua. Baba watoto kusikia wizarani akachomoa kitambulisho cha kazi, jamani, kosa kubwa, mlinzi akasimama wima kabisa akauliza kwani ni ukaguzi? Akapiga simu ndani. Akatoka mama mmoja amevaa koti jeupe, ameshika faili, uso umemshuka, anatuambia bosi hayupo ila nyaraka zote zipo, kodi tumelipa, vibali vipo. Tukaanza kumuelewesha kwamba mama sisi ni mtu na mkewe, leo Jumamosi, tunataka tu kunywa kidogo na kuangalia mashine. Naye akazidi kuogopa kwa sababu nani anaendaga kiwandani Jumamosi na mkewe kuangalia mashine? Tulisimama pale getini kwenye jua la Dodoma, kofia yangu inataka kuruka na upepo, mume wangu anaapa kwamba hajatumwa na mtu, na kadiri alivyokuwa anaapa ndivyo alivyozidi kuonekana katumwa. Mwisho yule mama akatupa chupa mbili za bure kwenye mfuko mweusi, eti zawadi, tukazikataa, akaingia ndani machozi yanamlengalenga. Yaani ndiyo siku pekee maishani mwangu nimekataa pombe ya bure na bado nikaondoka nimeonekana mla rushwa.

Mlinzi ndiye aliyetuonea huruma. Akatuambia kama mnataka kuonja kweli kweli nendeni barabara ya Iringa, mkifika upande wa Bihawana ulizeni babu mmoja ana shamba na anakamua mwenyewe, hana geti.

Barabara ya lami haina shida. Tulipoingia ya vumbi tukakuta korongo, halina maji ila lina mchanga, na IST ni gari la kwenda Mlimani City, ikazama mpaka bampa. Vijana wakatokea, sijui huwa wanakaa wapi, wakasukuma kwa elfu 10 na wakatuonyesha njia ya kupita siku nyingine, ambayo ilikuwa pale pale pembeni, ngumu, haina mchanga hata kidogo.

Babu alikuwa amekaa chini ya mti anachambua kamba. Akatusalimia Kigogo, mbukwenyi, tukaitikia mbukwa, basi akafurahi akaacha kazi. Hakuuliza tumetumwa na nani. Alituuliza tu kama tumekula.

Shamba lake ni ekari moja na kitu, mizabibu imefungwa kwenye nyaya na nguzo, mingine nguzo zimelala kwa sababu mchwa wameshazila. Kila nguzo ni hela, kila waya ni hela, dawa ya ubwiri ni hela na usipopiga kwa wakati ukungu unapanda kwenye majani kama unga na kichana chote kwisha habari yake. Akatuonyesha zabibu nyeusi, ile wanayoiita Makutupora, ndogo ndogo, ganda gumu, nikala moja nikakunja uso, akacheka akasema hiyo siyo ya kula mwanangu, hiyo ni ya kunywa. Baba yake ndiye aliyeanza, alijifunza kwa mapadri wa Bihawana waliopanda zabibu pale kabla ya uhuru, walihitaji divai ya misa na wakaona nchi hii kavu inaifaa.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba hapa wanavuna mara mbili kwa mwaka. Mimi nilijua zabibu ni zao la baridi, kwamba Ulaya mzabibu unalala wakati wa theluji halafu unavunwa mara moja. Babu akasema hapa hakuna baridi ya kuulaza, unaulaza wewe kwa mkasi. Ukipogoa leo, miezi minne mitano mbele unavuna, kwa hiyo wenyewe wanapanga, mavuno ya mwanzo mwa mwaka wakati wa mvua na mengine ya Agosti Septemba wakati wa kiangazi, na haya ya kiangazi ndiyo matamu kwa sababu hakuna mvua ya kuyatia maji. Baba watoto macho yakawaka. Mara mbili! Nikamuona anapiga hesabu kichwani, najua sura yake ya hesabu.

Babu akamuona pia. Akasema ngoja baba, usifurahi. Ukivuna zabibu hazikusubiri, siyo mahindi haya. Mwaka ambao viwanda havinunui zinaozea pale pale kwenye waya, nyuki ndio wanakula. Ndo maana wakulima wengi wameanza kukamua wenyewe, wanatengeneza mchuzi wa zabibu, yaani waini ghafi, na kuuweka kwenye matanki ili kiwanda kikija kinunue mchuzi, maana mchuzi unakaa. Yeye ana simtanki mbili kwenye kibanda cha udongo, ndani kuna ubaridi ambao ile hoteli yenye viyoyozi haina. Akafungua koki akakinga kwenye jagi la plastiki, tukapewa vikombe vya bati.

Sijui niielezeje. Haikuwa na sukari hata kidogo. Ilianza kwa kukwaruza ulimi halafu ikatulia, ikaacha harufu kama ya mbao na zambarau, na kichwani ikafika kabla sijamaliza kikombe. Nikamuuliza babu mbona ya dukani ni tamu vile, akasema wanunuzi wa mjini wanataka tamu, wakinywa hii wanasema imeharibika, kwa hiyo inatiwa utamu. Hakuwa na kinyongo. Alisema tu yeye tamu anaiacha kwa chai.

Mkewe akatoka na chakula, hatukuagiza, ugali wa uwele ule mweusi mweusi na mlenda wa kukaushwa uliochanganywa na karanga. Mume wangu ni Mhaya, mlenda huwa anaukimbia, siku hiyo alikula akaramba na vidole. Ukila mlenda halafu ukinywa ule mchuzi, utelezi wote unakatika mdomoni, vinaendana kabisa, na sidhani kuna mtu ameshawahi kuviweka kwenye menyu moja pale mjini. Bibi mwenyewe hanywi, ni mlokole, anakoroga mlenda pembeni ya lita elfu za waini na hajawahi kuonja tone.

Pale chini ya mti ndo nikaanza kukumbuka kwetu Kibosho, Kilimanjaro. Bibi yangu alikuwa anapika mbege, ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zinakuwa nyekundu, zinachujwa, halafu unakuja ule ulezi wa kimea, na magome ya msesewe ya kutia uchungu. Mbege nayo haikusubiri, ikiiva lazima inywewe, kwa hiyo ikiiva majirani wanajua, wanakuja, kata inazunguka, mkubwa kwanza. Hakukuwa na ya kuozea ndani. Nikamwambia babu, akauliza sasa nyie mnaiuza wapi? Nikamwambia hapo hapo nyumbani, inaisha siku hiyo hiyo. Akanyamaza akifikiria, akasema sisi hili siyo letu la zamani, sisi letu ni la uwele na mtama, hili tulilipata kwa mapadri na kuliuza tunawauzia wengine, ndo maana ukipita kijijini hapa nyumba zote zina zabibu na sherehe ikija watu wanakunywa bia.

Nikafikiria yule mhudumu wa hotelini na huruma yake.

Babu alitaka elfu 10 kwa lita tano, tukampa 20 akarudisha 10, tukabishana, bibi akaichukua akasema ni sadaka. Kutoka tukapita ile njia ngumu ya pembeni.

Lile dumu nililipandisha kwenye treni Jumapili limefungwa ndani ya kanga mbili. Msimamizi wa behewa akauliza ni nini, nikasema mafuta ya alizeti, Dodoma kila mtu anatoka na mafuta ya alizeti. Mashoga zangu wa Dar wameonja, wawili wamesema imechacha na mmoja ameniuliza nitapata lini nyingine.

Tatizo limebaki kwa baba watoto. Wiki hii kila nikipiga simu ananiambia habari za ekari, kuna ya kuuzwa jirani na yule babu, kisima kipo, mara mbili kwa mwaka mama. Nimemkumbusha nguzo, mchwa, ubwiri na nyuki, nimemkumbusha babu alivyomwambia asifurahi. Anasema hiyo ni kwa sababu babu hana geti wala soko la watalii, yeye ataweka meza nyeupe na vijiglasi vitano vitano, watu wa treni watakuja. Nimemwambia kwanza amalize bati la nyumba yetu ya Goba, na kama akifungua hiyo sehemu yake ya kuonja basi mimi ndiye nitakaa getini na daftari, na yeye mwenyewe siku ya kwanza nitamdai barua.