Siku moja gereji: gesi ipo, ubaridi haupo

Saa 1:20 asubuhi. Nafungua kontena langu hapa Sinza, nyuma kidogo ya barabara ya Shekilango, na shati limeshanata mgongoni. Dar mwezi wa pili haina asubuhi. Kwetu mafundi AC huu ndio msimu wa mavuno: masika simu zinalala, kaskazi ikikolea zinaita tangu alfajiri, na karibu zote zinaanza na maneno yaleyale. "Fundi, nataka kuongeza gesi."

Gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka humohumo kwenye mabomba. Ikipungua ujue inavuja mahali, na anayekujazia bila kutafuta tundu mtaonana tena mwezi ujao.

Saa 2:10 inaingia Toyota IST ya rangi ya fedha. Dereva ni kijana anayebeba abiria wa kuita kwa simu, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Kaka, AC imekufa. Mwezi huu peke yake nimejaza gesi mara mbili."

"Imekufa kabisa, au kuna wakati inapoa?"

Akafikiri. "Asubuhi sana inapoa. Nikiwa natembea barabara ya Bagamoyo, inapoa. Nikifika taa za Mwenge, abiria wanaanza kushusha vioo."

Hapo nusu ya kazi imekwisha, na boneti sijaifungua. AC inayopoa gari likitembea na kugoma likisimama, mara nyingi gesi haina kosa. Kinachokosekana ni upepo. Kondensa, lile bati lenye matundu mbele ya rejeta, ndilo linalomwaga nje joto lililotolewa kabini. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unaifanya kazi hiyo bure. Kwenye foleni inabaki feni. Lakini mteja aliyeshalipa mara mbili humwelezi, unamwonyesha.

Namuuliza dereva, fundi wa kwanza aliyemjazia gesi alipimaje. Hakupima. Alifunga kopo la gesi, akashika bomba kwa kiganja, likianza kutoa jasho anasema tayari. Hata mwenye geji anaweza kujidanganya akisoma injini imezimwa. Gari likiwa limelala kwenye nyuzi 32, R134a, gesi ya AC hizi, itakuonyesha presha ya kama psi 100, iwe imejaa sana au imebaki kidogo tu. Ni kama mtungi wa jikoni: moto unawaka vizuri mpaka siku unayokuwa na wageni. Kiasi kinajulikana kwa mizani.

Saa 2:45, injini inawaka, AC juu kabisa, geji zimefungwa. Mshale wa bluu, wa presha ya chini, 65; mwekundu, wa presha ya juu, unapanda: 280, 310, 340. Kwenye Toyota nyingi swichi ya presha inaikata kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ukikaribia 450, na hiyo ndiyo ile "inakufa" yake. Namwambia dogo alete jagi la maji, amwagie kondensa taratibu. Mshale mwekundu ukashuka hadi 230 palepale, mdomo wa dashibodi ukaanza kutoa baridi. Dereva akaweka mkono pale, akanitazama kama nimefanya mazingaombwe.

Feni ilikuwa imetulia tuli. Kwenye plagi yake testa inasoma volti 13.8, kwa hiyo fyuzi na rilei hazina kesi. Nikaigonga mota kwa mpini wa bisibisi. Ikazunguka kivivu, mizunguko sita saba, ikalala tena. Kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimelika.

"Mshale wa joto la injini unakaaje?"

"Siku hizi unapandapanda kidogo. Naongezaga maji."

Nilinyamaza kwanza. Feni hiyohiyo ndiyo inayopoza rejeta. Abiria waliokuwa wakimlalamikia joto pale Mwenge walikuwa wanamwokolea silinda hedi, kichwa cha injini kinachopinda kwa joto, yeye anawanunulia gesi.

Saa 4 bodaboda anakwenda Gerezani kutafuta mota ya mtumba. Huku nyuma anakuja mama mmoja na Harrier. Shikamoo, marahaba, upepo hautoki. Nachomoa droo ya dashibodi, natoa filta ya kabini: vumbi, majani, na pamba ya kiota cha panya. Dakika kumi. Aliponiuliza bei nikasema elfu kumi na tano, akasema, "Kwa hivyo tu?" Sikubishana. Simu nyingine ni ya mwenye haibridi, gari la petroli na umeme, anayetaka nimwongezee oili ya kompresa, yoyote niliyonayo. Nikamkatalia. Kompresa hiyo inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, na oili ya magari ya kawaida inaharibu kinga ya umeme ndani yake. Kaudhika naye.

Saa 7 wali maharage umefika pamoja na mota. Naipima moja kwa moja kwenye betri kabla ya kushika spana: inapiga kelele kama mashine ya kusaga, bearingi imekwisha. Boda arudi Gerezani. Ya pili inafika saa 8:35, inazunguka kimya, inafungwa.

Kisha gesi. Nilinunua mashine ya kunyonya gesi, mtumba pia, na wenzangu wananicheka kwa sababu wao hufungua koki tu ikapulizika. Kilo moja ya R134a hewani inapasha dunia joto kuliko tani nzima ya kaboni dayoksaidi, na joto la Sinza linatutosha. Mizani ikasema gari lilikuwa na gramu 210 zaidi ya zilizoandikwa kwenye stika ya boneti. Ziada hiyo nayo inapandisha presha. Alinunua ugonjwa wa pili kwa hela yake.

Saa 9:50 nawasha pampu ya vakyumu kuvuta hewa na unyevu. Dakika ya 18, umeme ukakatika. Nikafunga koki za geji, tukakaa kwenye kivuli, dogo akitukana kwa sauti ya chini. Umeme uliporudi baada ya dakika arobaini nilikwenda kuangalia mshale: haujasogea hata unywele. Mfumo hauvuji popote, na kipimo hicho sikukilipia. Nikamalizia vakyumu, nikarudisha gesi kwa gramu za stika.

Saa 11:40 jioni tuko kwenye foleni ya Mwenge, mahali palepale panapomuumbua, kipimajoto kimechomekwa kwenye mdomo wa dashibodi. Barabarani kilisoma 7. Dakika kumi na mbili tumesimama, kinasoma 10 na hapo hapo kinaganda. Kwa mbele nasikia feni ikivuma.

"Sasa fundi," akasema, "zile gramu mia mbili zangu ziko wapi?"

"Kwenye mtungi wangu. Ni zako, umezilipia."

Nikampunguzia elfu ishirini kwenye ufundi. Akazihesabu, akauliza kama na yule wa kwanza atamrudishia chochote. Sijamjibu, simu yake ikalia: abiria, Mlimani City. Akapandisha vioo vyote vinne, nami nikashukia hapohapo.