Drams za Joe Cocker: hatimaye biti imekaa

Imekaa! Wanaofuatilia mradi wangu wa kuunda upya wimbo kwenye kompyuta, chombo kimoja baada ya kingine, wanajua nilipokuwa nimekwama: With a Little Help from My Friends, toleo la mwimbaji Mwingereza Joe Cocker, pale drams zinapoingia chini ya kinanda. Besi ilikuwa tayari, gitaa tayari, waitikiaji tayari. Drams zilikataa katakata.

Ugumu uko kwenye mapigo. Wimbo wenyewe wa The Beatles, anaouimba Ringo Starr kwenye albamu ya Sgt. Pepper's ya 1967, unakwenda nne kwa nne, yaani mapigo manne kila mzunguko, mwendo mchangamfu ambao mtu anaweza kuufuata kwa miguu. Cocker, kijana wa Sheffield, akaurekodi upya 1968 kwa sita kwa nane, yaani mapigo sita yanayogawanyika matatu-matatu, taratibu kabisa, na mwaka huohuo ukashika namba moja Uingereza. Kinanda ni cha Tommy Eyre, gitaa ni la Jimmy Page kabla Led Zeppelin hawajatoa albamu yao ya kwanza, na drams ni za B.J. Wilson wa Procol Harum. Huyo Wilson ndiye aliyeninyima usingizi.

Kwenye karatasi ni rahisi: teke (ngoma kubwa ya mguu) pigo la kwanza, snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) pigo la nne, hayahati (matoazi mawili yanayogongana) zinajaza katikati. Ukiyapanga hivyo kwenye kompyuta unapata kitu sahihi na kimekufa. Snea ya Wilson inavuta pumzi kabla ya kuanguka, na akianza kujaza kuelekea kiitikio anazungusha ngoma kana kwamba hatawahi kurudi pigo la kwanza, halafu anatua palepale Cocker anapofungua koo. Nilisogeza noti mojamoja kwa kipanya, usiku baada ya usiku, na kila nilipokaribia, kiitikio kikawa kinakimbia.

Kilichofungua njia ni metronomu, ule mlio unaohesabu mapigo wakati wa kurekodi. Ikigonga yote sita, mkono unahesabu badala ya kupiga. Reaper, programu ninayorekodia, inakuruhusu kupanga wewe mwenyewe mlio uangukie wapi, kwa hiyo nimeuacha ugonge mawili tu, la kwanza na la nne. Hesabu tatu zilizo ndani ya kila moja nazibeba mwilini. Halafu nimepiga drams kwa vidole kwenye kinanda cha midi, kile kinachopeleka noti kwenye kompyuta, wimbo mzima bila kukata, na ile kazi ya programu ya kunyoosha mapigo, inayosogeza kila noti ikae sawasawa kwenye pigo, nimeizima kabisa. Naisema wazi: kwa wimbo wa mwendo huu, kunyoosha mapigo ni kuua muziki. Snea yangu inachelewa kidogo, besi inaisubiri, na waitikiaji wanapouliza swali lao, jibu lina mahali pa kukaa. Niliposikiliza mara ya kwanza nilisimama.

Mpango ulikuwa nifuate toleo la Wet Wet Wet la 1988, nalo lilishika namba moja kule Uingereza, kisha la Sam & Mark la 2004, ambalo pia lilifika hapohapo. Wimbo mmoja, namba moja mara tatu kwa waimbaji tofauti, ilhali 1967 The Beatles hata hawakuutoa kama singo! Nilitaka kuyaweka yote kando kwa kando. Sasa naona yasubiri.

Kwa sababu nilipokuwa nazibeba zile tatu mwilini, bega langu lilianza lenyewe kwenda kichakacha, ile ngoma ya pwani. Chakacha nayo ni sita kwa nane! Mwendo wake ni wa haraka zaidi, lakini ukiipunguza kasi, chapuo, ngoma ndogo, inaweza kushika kazi ya hayahati, na vumi, ngoma yenye sauti nzito, ikabeba teke. Nimejaribu kwa kugonga meza juu ya rekodi ya kinanda na inaingia vizuri mno, hasa kwenye beti zile tulivu kabla waitikiaji hawajapanda. Sampuli za ngoma nilizonazo hazifai, zote zimerekodiwa kwa mbali na zina mwangwi mwingi. Natafuta mpigaji wa kweli wa vumi na maikrofoni mbili nzuri. Gitaa la Page litakaa kimya kwanza.