Ufa

Siku ya 33 tangu daktari anivalishe hili buti gumu, kwa ajili ya ufa kwenye mfupa wa mguu. Nimekaa barazani, mguu juu ya stuli, nawaona wenzangu wakirudi kutoka kukimbia barabara ya Mama Ngina, hapa Mombasa, wanatiririka jasho. Nawaonea kijicho, sifichi.

Kosa ni langu. Nilikuwa nikikimbia kilomita 15 kwa wiki, nikajitia ushujaa nikaruka hadi 40, kwa raba zile zile zilizolika kisigino. Maumivu yakaanza juu ya wayo, usawa wa kidole cha pili. Nikipumzika yanatulia, nikikimbia yanarudi. Mama akasema nimeteguka, akaja na mafuta ya nazi. Alipobonyeza tu pale, nilipiga ukelele mpaka jirani akachungulia dirishani.

Zahanati ya kwanza walinipiga eksirei wakaniambia mfupa mzima, huo ni msuli. Basi nikatembea nao wiki mbili zaidi, feri kwenda, feri kurudi, ule mteremko wa Likoni nikiushuka kama bata.

Daktari wa pili alibonyeza kwa kidole kimoja, akajua. Ufa huu, alisema, hauji kwa pigo moja. Mfupa hubomoka na kujijenga kila siku. Ukiukanyaga mno bila kuupumzisha, kubomoka kunashinda. Na picha ya mapema mara nyingi haioni kitu. Ufa huonekana wiki mbili tatu baadaye, mfupa unapojitia kiraka. Usiku nikasoma kwamba mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika juu ya askari waliovimba miguu kwa kutembezwa masafa marefu. Eksirei ilikuja 1895. Yeye hakuwa na picha. Mimi ninayo, na bado haikuonyesha!

Nina bahati pia. Ungekuwa mfupa wa tano, upande wa kidole kidogo, pengine ningetiwa skrubu, maana kuna sehemu pale damu hufika kwa shida. Wangu dawa yake ni buti gumu, wiki sita hadi nane, na subira ambayo sina.

Mama kila akipita: "Usipoziba ufa, mwanangu..." Namjibu huu hauzibwi, unaachwa.

Leo nimevua buti kuoga, nikapapasa. Pana kinundu kama punje ya mbaazi, kigumu, hakiumi sana. Nikasimama kidogo kwa mguu mmoja, kujaribu tu.

Nimetoka, raba zangu sizioni mlangoni. Namshuku Mama.