Mashudu ndiyo yaliyolipa mashine

Nimekaa kwenye semina za wajasiriamali nyingi kiasi cha kujua saa ya chai bila kutazama ukutani. Mtoa mada anaanza na andiko la biashara, anapita kwenye uchumi wa viwanda, anamalizia na mkopo. Hakuna hata mmoja niliyemsikia akitamka neno mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa mafuta. Mimi nakamua alizeti hapa Singida, na bila mashudu mashine yangu ingeshauzwa kama chuma chakavu.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo wanayoiruka. Gunia la alizeti aina ya Record, likiwekwa kwenye mizani na si kukadiriwa kwa jicho, lina kama kilo 65. Mashine ndogo ya skrubu, hizi za Kichina za mota ya fezi tatu, ikikaa sawa inatoa lita 17 au 18. Ikikaa vibaya inatoa 13, na wewe utadhani alizeti ndiyo mbaya. Mashudu yanabaki kilo 45 hivi, kinachopungua ni vumbi, matope ya kichujio na unyevu. Chukua msimu ambao kilo ya alizeti ilikuwa kwenye 800: gunia ni 52,000. Lita 17 kwa bei ya jumla ya 3,800 ni 64,600. Toa umeme, vibarua na madumu, umebaki na nauli ya kurudi nyumbani. Sasa weka mashudu, kilo 45 kwa 450. Hiyo elfu ishirini ndiyo biashara yenyewe.

Tena bei ya mafuta hatuipangi sisi. Mafuta mengi ya kula ya nchi hii yanatoka nje, kwa hiyo meli ikishusha shehena Dar es Salaam, dumu langu la lita 20 linashuka bei hata kama sijalisogeza. Mashudu yanapangiwa bei na ng'ombe na kuku wa hapa, na malori yanayopeleka Kenya. Kiangazi kikikaza, Septemba hadi Novemba, malisho yanaisha na bei inapanda.

Mtaji nao. Benki moja ilitaka hati ya nyumba na marejesho kuanzia mwezi unaofuata. Alizeti inavunwa Juni hadi Agosti. Hapo ndipo bei yake inakuwa rahisi, na hapo ndipo mnunuzi wa mafuta hana haraka, maana kila mtu anayo. Pesa ya maana inaingia kuanzia Desemba, mafuta yakianza kuadimika. Ukikopa Juni na kurejesha Julai, utauza mafuta kwa bei ya kutupa ili ulipe benki, na Januari huna kitu ghalani. Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule wa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hauna riba na ni mzuri kama kikundi chenu kinaelewana. Cha kwetu kilivunjika kabla hatujamaliza kuchagua mweka hazina.

Njia niliyoitumia si uvumbuzi wangu, ni desturi ya huku: mkulima analeta alizeti yake, unamkamulia bure, anaondoka na mafuta yote, mashudu yanabaki kwako. Hununui mbegu hata kilo moja. Gunia kumi kwa siku ni kilo 450 za mashudu, na ulichotoa mfukoni ni umeme na jasho. Fanya hivyo msimu mzima, yahifadhi mpaka Oktoba, ndipo uuze. Pesa ile ndiyo itakayonunua mbegu zako mwenyewe msimu unaofuata.

Shida ya njia hii ni kwamba mkulima anaamini unamwibia, na mara nyingi ana sababu. Nikaweka mizani mlangoni na kupaka ukuta mmoja rangi nyeusi kama ubao wa shule. Kilo zilizoingia zinaandikwa pale, lita zilizotoka zinaandikwa pale, kila mtu anasoma. Mzee mwenye gunia lililotoa lita 15 anaona la jirani limetoa 18, anauliza, unamwonyesha mapepe uliyopepeta. Mwaka uliofuata analeta mbegu safi. Ule ukuta umeniletea wateja kuliko bango lililonila laki na kitu.

Mashudu usiyafunge yakiwa ya moto. Yamwage sakafuni yalale usiku mmoja, kisha yaingie kwenye gunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Ukifunga moto yanatoa jasho, yanaota ukungu, na rundo kubwa linaweza kujipasha mpaka likaungua lenyewe.

Kwenye mashine, jambo la kwanza ni mchanga. Alizeti iliyopigwa chini bila turubai ina mchanga, na mchanga unakula skrubu kama tupa. Chekecha kila gunia, hata la ndugu yako. La pili ni unyevu, na hapa ushauri mbaya ni mwingi. Utaambiwa "kausha mpaka ilie". Mbegu iliyokauka kupita kiasi inageuka unga ndani ya silinda, mafuta yanatoka na tope zito na mashudu yanamwagika kama pumba. Inayotakiwa ni unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Ikiwa iko kwenye 5, gunia la kilo 65 linahitaji lita moja na nusu ya maji, unanyunyiza huku unageuza kwa koleo, unafunika kwa turubai mpaka asubuhi. Ikizidi unyevu, mashudu yanatoka laini kama ugali, mkanda unateleza na mota inaanza kunuka.

Asubuhi usimwage mbegu kwenye silinda baridi. Nalisha mashudu ya jana kwanza, dakika kumi au kumi na tano, mpaka silinda isishikike kwa mkono, ndipo mbegu zianze kidogo kidogo. Halafu kaza koni, kile kibanio cha mdomoni mashudu yanapotokea, taratibu. Mashudu yanayotoka yawe membamba, milimita moja hadi mbili, yakikunjwa yavunjike kwa mlio. Yakiacha alama ya mafuta kiganjani, kaza tena. Na umeme ukikatika mbegu zikiwa ndani, usikae kusubiri urudi. Legeza koni hapo hapo na uzungushe kwa mkono kurudi nyuma. Ukichelewa nusu saa yale mabaki yanaganda kama zege, na siku iliyobaki utaimaliza na patasi.

Sasa povu. Mafuta yangu ya mwanzo yalikuwa mazuri kutazama, ya dhahabu, nikayachuja kwa kitambaa nikayafunga kwenye chupa. Mama wa maandazi jirani akaweka lita mbili kwenye karai, akatumbukiza andazi la kwanza, povu likapanda kama sabuni ya kufulia, likamwagika, likazima jiko. Karai likarudi kwangu likiwa na andazi lake ndani.

Fundi mmoja akasema tia chumvi kiganja kimoja. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta: ilishuka chini ikakaa chini, na povu likaendelea na kazi yake. Mwingine akasema chemsha mpaka yafuke moshi. Nikachemsha pipa zima. Yakawa meusi, yakanuka kama breki za lori mlimani, na povu bado lipo. Pipa lile lilienda kwa mtengeneza sabuni kwa bei ambayo sitaitaja.

Kumbe povu lina baba wawili, maji na ute. Alizeti ina ute wake wa asili unaoyeyuka ndani ya mafuta, kitambaa hakiuoni. Unaondolewa kwa maji, jambo ambalo lilinichukua muda kulikubali. Pasha mafuta mpaka nyuzi 65 au 70, kwa kipimajoto na si kwa kidole. Kwa kila lita 100 tia lita 2 za maji ya moto, koroga polepole dakika ishirini. Ukikoroga kwa nguvu utapata kitu kama maziwa na hakitengani. Ute unakunywa maji, unakuwa mzito, unazama. Acha pipa litulie saa 24. Koki ya pipa isiwe chini kabisa, ipandishe kama upana wa kiganja, ili unapofungua yatoke mafuta na ule uchafu ubaki. Kisha pasha tena, polepole, mpaka 105, sufuria isizidi theluthi mbili kwa sababu maji yanapotoka yanarusha. Viputo vikiisha, maji yameisha. Acha yapoe, chuja, funga. Kupima ni rahisi: kijiko kimoja juu ya moto, kikitatarika bado yana maji. Ule ute unachanganywa kwenye mashudu, mifugo inakula. Na yule mama wa maandazi bado ni mteja wangu, ingawa mpaka leo anaonja povu kwanza.

Kosa lingine liko wazi kwa kila anayesafiri barabara ya Dodoma: madumu na chupa za mafuta zimepangwa juani kutwa. Jua na chupa inayopitisha mwanga vinaozesha mafuta, yanapata ule ukakasi wa kooni. Mimi naweka chupa nne tu za maonyesho barabarani, za kuuza ziko kivulini ndani, na zile nne nikizibadilisha zinaenda kwenye sabuni.

Makaratasi sitayaeleza yote, TIN na leseni kila mtu anajua. Ila alama ya ubora: usiende TBS, shirika la viwango, mikono mitupu, pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, upewe barua ya utambulisho wa mjasiriamali mdogo, kwa sababu barua hiyo ndiyo inayokupa unafuu wa gharama za ukaguzi na vipimo. Ukaguzi wa kwanza niliukosa kwa uzembe wangu, mashudu na chupa vilikuwa chumba kimoja na vumbi limetanda kila mahali. Jenga ukuta wa kutenganisha, weka wavu madirishani, wafanyakazi wapimwe afya. Na mauzo yakizidi milioni 11 kwa mwaka unatakiwa uwe na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Gunia kumi kwa siku zitakufikisha huko kabla hujajua.

Kwa sera ya biashara ndogo na za kati ya mwaka 2003, aliyeajiri watu watano hadi 49 ni biashara ndogo. Tuko sita, kwa hiyo nimo. Lakini hesabu hiyo haimwoni fundi wa kuchomelea anayejaza chuma skrubu yangu iliyolika, wala bodaboda wa madumu, wala mwenye kuku anayenunua mashudu debe moja moja, wala mkulima anayerudi na mafuta yake badala ya kuuza mbegu kwa dalali kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Mashine ikisimama siku mbili, wote hao wananipigia simu, na wa kwanza huwa ni mwenye kuku.

Skrubu inajazwa kwa vijiti vigumu vya kuchomelea kila mwisho wa msimu, kisha inasagwa mpaka ikae kwenye kipimo. Kuwa nazo mbili. Mwaka niliokuwa na moja iliisha Julai, foleni ya magunia imefika barabarani, na fundi alikuwa ameenda msibani Manyoni.