Viluwiri wa Lamboni, Mwisho wa Machi

Asubuhi ile nilianza kwa kosa: niliingia lamboni kwa upande wa magharibi. Saa 12 na nusu jua likachomoza mbele yangu, na kila ndege aliyekuwa topeni akawa kivuli cheusi. Ikabidi nizunguke tuta zima hadi mashariki. Jua liliponipiga mgongoni, ndipo rangi zikaonekana.

Lilikuwa lambo la kunyweshea mifugo, njia ya Hombolo, Dodoma, mvua zikiwa zinaelekea kuisha. Viluwiri manjano, ndege wadogo wanaotikisa mkia, wageni kutoka Ulaya na Asia, huwa kwetu tangu Novemba, ila miezi ya mwanzo wamefifia na wanafanana. Kufika mwisho wa Machi madume wengi wameshavaa manyoya mapya, na kichwa cha dume kinataja kwao. Cha kijivu-buluu chenye mstari mweupe juu ya jicho ni wa Ulaya Magharibi na Kati. Cheusi tii bila mstari, Balkani na Uturuki kwenda Asia ya Kati. Cha njano karibu chote, nyika za Volga na Kazakhstan. Majike waache; hata wazoefu wanabishana.

Darubini yangu ni 8x42, yaani inakuza mara 8 na kioo chake cha mbele kina milimita 42, na kwa ndege wadogo sibadilishi. Inayokuza mara 10 inakuza na mtetemo wa mkono pia. Nilikaa chini, viwiko juu ya magoti.

Mara akatokea kijana na ng'ombe wapata arobaini. Nikasema basi, kazi imeharibika.

"Mbukwenyi, babu. Unapima maji?"

"Nahesabu ndege, mjukuu wangu."

Akacheka, akawaachia ng'ombe waingie. Ndege hawakukimbia, waliongezeka! Kwato zinafukua wadudu, na kiluwiri anakimbia katikati ya miguu akiwadaka. Shida ikawa hesabu. Mara ya kwanza nilipata 63, ya pili 91, kwa sababu wanaoachwa nyuma huruka juu ya migongo na kutua mbele, ukawahesabu tena. Nikangoja ng'ombe wasimame kunywa. Nikahesabu kumi, nikakariri upana wa nafasi waliyoijaza, kisha nikaupima kwa macho kutoka kushoto hadi kulia. Wakatoka kama 70, saba wakiwa na vichwa vyeusi.

Juu ya maji walipita mbayuwayu wa Ulaya, koo jekundu na ukanda mweusi kifuani, lakini sikuwafuatilia. Sikio lilishavutwa na mgunga nyuma yangu: wimbo mwembamba unaoshuka na kufifia kama mtu anayeishiwa pumzi. Ni Phylloscopus trochilus, kandege ka kijani-kahawia ka gramu 8 hadi 10, ambako hujaribu wimbo wake huku huku kabla ya safari. Wengi hapa hukachanganya na chozi jike. Tazama mdomo: wa chozi umepinda, wa huyu ni mfupi na umenyooka. Nilimsubiri dakika ishirini nzima, maana hatulii tawi moja, na majani ya mgunga baada ya mvua yanaficha kila kitu.

Wiki ya kwanza ya Mei nilirudi, safari hii moja kwa moja upande wa mashariki. Kwenye tuta walikuwepo viluwiri wawili, weusi kwa weupe, wenyeji wa mwaka mzima. Yule kijana alikuwa ameketi kivulini.

"Wale wa njano wameshahama, babu," akasema. "Umebaki na hawa wetu."