Kutibiwa sonona nikiwa mbali na Tanga

Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, na sasa naishi Leeds, Uingereza, ambako mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Nawaandikia hasa wenzangu wanaotuma fedha nyumbani kila mwezi ilhali wao wenyewe hawalali. Sonona yangu, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ilianza kwa uchovu usiokwisha: nilirudi kutoka kazini nikaketi kitandani na koti mwilini, simu ya mama ikiita, nami nikiitazama mpaka ikakatika.

Hapa mtu anaweza kujiandikisha mwenyewe kwa tiba ya mazungumzo ya NHS, huduma ya afya ya umma, bila malipo. Katika kila kikao nilijaza dodoso la maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, yakiwamo ya usingizi, hamu ya kula na mawazo ya kujidhuru, na kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, alama nyingi zikimaanisha hali mbaya zaidi. Naliheshimu sana dodoso lile, kwa kuwa sonona humwaminisha mgonjwa kwamba hakuna kinachobadilika, kumbe alama zangu zilikuwa zikishuka, japo wiki nyingine zilipanda tena.

Tiba niliyopewa, aina ya tiba ya mazungumzo inayochunguza mawazo na matendo ya mgonjwa (CBT), iliyoasisiwa na daktari Mmarekani Aaron Beck katika miaka ya 1960, humtaka mgonjwa aandike wazo linalomuumiza kisha atafute ushahidi wake. Niliandika kwamba nimewachosha nyumbani, maana mama hapokei simu zangu. Mtaalamu aliniuliza huwa napiga saa ngapi. Nilikuwa napiga saa mbili usiku nikitoka kazini, na majira ya baridi ya hapa, huko Tanga huwa ni saa tano, mama amekwisha kulala. Tulipanga pia nitembee nje kila mchana, nijisikie nisijisikie, kwa sababu mwenye sonona akisubiri hamu ije kwanza, hatatoka.

Nilipokwenda likizo nilimweleza mama. “Mwanangu, mpaka mgeni ndiye akusikilize, sisi hatupo?” Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza kama ugonjwa wangu ni wa kupelekwa Lutindi, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya milimani Korogwe ambayo wengi huitaja kwa hofu. Nikamwambia, “Mama, mpo, ila nikiwaeleza ninyi mnaumia pamoja nami, yeye ananifundisha namna ya kutoka.” Hakuridhika siku ile. Siku hizi nikimpigia, mchana wa Jumapili, baada ya shikamoo huniuliza kama nimetembea, nami humjibu ukweli.