Shamba lililoachwa na maduara ya dhahabu: jinsi lilivyorudi kuzaa

Wachimbaji walipohama, shamba letu huku Geita lilibaki maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, na marundo ya kifusi. Tulifukia, mvua ikanyesha, ardhi ikatitia upya. Mahindi yalitoka ya njano yakaishia magotini. Mbolea ya dukani haikubadilisha kitu, na samadi ilisombwa na maji.

Siri ilikuwa chini ya marundo. Mtu akichimba duara, udongo wa juu ndio unaotoka kwanza, kwa hiyo unalala chini kabisa ya rundo, umefunikwa na mawe yaliyotoka kina kirefu. Ukisukumia vyote shimoni kwa pamoja, ule mweusi unapotelea kwenye kokoto. Tukahamisha rundo kwa koleo (kazi ya kuvunja mgongo, sifichi) mpaka tukaufikia, tukauweka kando.

Mawe na kokoto vikatangulia shimoni, tukishindilia kila tabaka, juu tukaacha kichuguu maana lazima patatitia. Vuli ilipopita pakatulia, ndipo tukatandaza udongo mweusi, tukachimba makinga maji kukata mteremko, tukapanda marejea, mmea wa kurutubisha udongo. Yalipoanza kutoa maua tu tukayalimia chini, kabla shina halijakomaa. Msimu uliofuata mahindi yalikuwa ya kijani.

Mwalo wa kuoshea dhahabu tumeutenga. Zebaki iliyotumika kunasia dhahabu haiozi, kwa hiyo pale ni mijohoro tu, hakuna mboga, mbuzi hawaingii. Na marudio ya mwaloni (mchanga unaobaki baada ya kuosha dhahabu) msiyachote kujazia mashimo ya shambani, hata kama yako karibu.